Gongo, Glovu na Cheti cha Kuzaliwa

Michezo ya kigeni iliingia pwani yetu kwa njia zilezile zilizopitisha dini na bidhaa: meli, misheni na ofisi ya serikali. Kandanda ilifika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na Waingereza, na wanafunzi wa misheni ya UMCA pale Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuicheza. Young Africans ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, vijana wa mjini walikuwa wamekwisha kuufanya mchezo huo kuwa wao. Besiboli imeingia kwa mlango mwingine, tena juzi tu.

Shinya Tomonari, Mjapani aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana alipokuwa huko na shirika la JICA, alianza kuuleta mchezo huo katika shule za Tanzania mwaka 2012. Mashindano ya shule yaliitwa Tanzania Koshien, kwa jina la uwanja mashuhuri wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924. Desemba 2018 ukazinduliwa uwanja wa kwanza wa besiboli nchini, katika Shule ya Sekondari Azania, Upanga. Kauli ya waasisi ni nidhamu, heshima na haki. Maneno ambayo mtumishi wa umma hawezi kuyapinga, ingawa gongo lenyewe (msomaji wa Kitanzania na asicheke) linahitaji maelezo kidogo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Husemwa kwamba mchezo huu ni mgeni mno kwa watoto wetu. Sikubali. Ukitoka Kunduchi kwenda Bagamoyo wakati wa alasiri utawakuta wasichana wakicheza rede: wawili pembeni wanarusha mpira wa soksi kumlenga aliye katikati, naye anakwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Mkono wa kulenga, jicho la kukwepa, mbio fupi: mwalimu wa softiboli angetaka nini zaidi? Ugumu uko kwingine, nao hauhusu vipaji wala vifaa. Ligi ya watoto, kwa maana yake yenyewe, ni ligi yenye mpaka wa umri, na umri huthibitishwa kwa karatasi.

Majirani zetu wa Uganda walilijua hilo kwa uchungu. Mmarekani Richard Stanley aliwajengea vijana viwanja huko Mpigi, na mwaka 2011 timu ya Kampala iliishinda timu ya Saudi Arabia mjini Kutno, Poland. Ushindi huo uliipa tiketi ya fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, ambako hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika. Marekani ikawanyima viza, kwa hoja kwamba nyaraka za umri za baadhi ya wachezaji zilikinzana. Walioshindwa ndio waliosafiri. Januari 2012 timu ya Langley, Kanada, ambayo ingekutana nao kule, ilifunga safari hadi Uganda ili mechi ile ichezwe hata hivyo. Waganda wakashinda 2-1. Agosti mwaka huohuo timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, iliingia Williamsport ikiwa na karatasi zake na kuifunga timu ya Oregon 3-2.

Ni rahisi kusema wazazi walidanganya, na huenda wapo waliodanganya. Lakini mtoto aliyezaliwa nyumbani, ambaye mama yake anakumbuka tu kwamba zilikuwa mvua za Elnino, kabla ya Ramadhani, ana tarehe gani? Mama huyo hakusema uongo. Historia anayo; kinachokosekana ni tarakimu ambayo dirisha la ubalozi linaidai, na kanuni za mashindano hupima umri kwa siku moja maalumu ya mwaka.

Kwetu sheria ya kusajili vizazi ipo tangu ukoloni, lakini kwa miaka mingi cheti kilifuatwa wilayani. Kwa mvuvi wa kijiji cha pwani hiyo ilikuwa nauli, siku nzima bila kuingia baharini, na pengine kuambiwa arudi kesho. Si ajabu kwamba wengi walingoja mpaka shule ilipodai. Mwaka 2013 RITA, ikishirikiana na UNICEF, ilianza Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, kisha ukasogea mkoa baada ya mkoa.

Mtoto aliyeandikishwa Mbeya mwaka huo akiwa mchanga alitimiza miaka 12, umri wa Williamsport, mwaka 2025. Mwenzake wa Bagamoyo alisubiri zamu ya Mkoa wa Pwani.