Msiri wa Bunkeya katika kumbukumbu yetu

Kila mwaka, tarehe 20 desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya kwa kumukumbuka Msiri. Tarehe hiyo, mu mwaka 1891, kapiteni Bodson wa musafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya mufalme Léopold II, alimupiga Msiri risasi. Bodson naye aliuawa siku ileile. Kwa Bayeke, Msiri ni mufalme aliyekataa bendera ya wageni. Hiyo ni kweli.

Kwa Basanga masimulizi ni mengine. Msiri alitoka Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, akifuata njia ya biashara ya shaba kama baba yake Kalasa. Kisha akatawala kwa nguvu, akauza pembe za tembo na watumwa. Wakati Stairs anafika, Basanga walikuwa wamekwisha kumuasi. Hiyo pia ni kweli.

Sasa tuangalie ginsi kumbukumbu inaingia mu siasa. Mu uchaguzi wa mwaka 1957, watu waliotoka nje ya Katanga, zaidi Kasai, walishinda mu Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1958 chama CONAKAT kikazaliwa, kikisema kinatetea wazalia wa Katanga. Mumoja wa wakubwa wake alikuwa Godefroid Munongo, mujukuu wa Msiri, ambaye alikuwa waziri wa mambo ya ndani wakati Katanga ilijitenga, tangu julai 1960 mpaka januari 1963.

Mujukuu wa mutu aliyetoka mbali alikuwa sauti ya wazalia! Si jambo la kucheka. Linaonyesha kwamba kumbukumbu inachagua: ilichunga ufalme na shaba, ikaacha safari ya kutoka Unyamwezi. Muda wa vizazi vitatu ulitosha.

Lakini mu miaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walizaliwa hapahapa, na wengine baba zao pia. Walilala mu stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa. Kwao vizazi vitatu havikutosha. Ni nani anahesabu, na anaanzia wapi?

Kwa hiyo, sisi wenye kufundisha watoto, tusiwape Bunkeya nusu. Mutoto wa Muyeke asikie habari ya watumwa, mutoto wa Musanga asikie habari ya bendera iliyokataliwa. Mutu mwenye kujua safari ya babu yake hatakuwa mwepesi kumufukuza jirani.