Harufu ya ndizi mbivu Nyamwage

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, nilikuwa safarini Rufiji. Leo sina siasa. Nina hadithi ya moto, ya manowari ya Wajerumani na ya harufu ya ndizi mbivu. Nivumilieni, vitu hivi vinahusiana.

Nyamwage mnaijua? Ukitoka Dar kwenda Kilwa unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa, kisha unafika njia panda ya kwenda Utete. Hapo ndipo mjomba wangu ana karakana ya useremala: vitanda, milango, makabati. Ukiingia tu unakutana na harufu tamu, kama mtu kamenya ndizi mbivu. Ni thina, ile ya kuchanganyia vanishi.

Mwaka jana binamu yangu alikuwa ndani akisafisha bomba la kupulizia vanishi, na thina akaiacha wazi kwenye beseni. Hakuwa na sigara wala kiberiti. Ghafla moto ukapita sakafuni, ukampata miguuni. Amepona, ila makovu yapo. Swali likawa: moto umetoka wapi wakati hakuna aliyeuwasha? Mnajua jibu la mtaani. Mkono wa mtu! Macho yote yakamgeukia bibi jirani anayekaanga mihogo nje ya mlango wa karakana. Tangu siku hiyo mjomba hakumsalimia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar. Baada ya hapo ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mashine zake zikiwa zinahitaji matengenezo. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi. Wakaleta ndege. Ndiyo, ndege, Rufiji, mwaka 1914! Rubani wa kwanza, H. D. Cutler, alitokea Durban na ndege yake ya majini. Nyingine zilifuata mwaka 1915, zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia. Joto na unyevu wa pwani yetu vilizitesa sana. Hatimaye Julai 11, 1915 ndege ikaelekeza mizinga ya meli ndogo mbili, Severn na Mersey, na Königsberg ikaishia pale pale. Ndege yenyewe ilipigwa, marubani wakatua kwenye maji ya mto wakaokolewa.

Historia ya shule huishia hapo. Mimi nikajiuliza swali la kiseremala: ndege hizo zilitengenezwa kwa nini? Jibu ni mbao na kitambaa. Ili kitambaa kikaze kama ngoma, ndege za zama zile zilipakwa dawa maalumu, yaani selulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika kama asetoni na amili asetati. Na amili asetati inanukia nini? Ndizi mbivu.

Dawa hiyo ilikuwa na gharama. Viwandani Uingereza baadhi ya wapakaji, wengi wao wanawake, walipata homa ya manjano ya ini na wengine wakafa. Chanzo kilikuwa kiyeyushi kingine kilichochanganywa humo, tetrakloroethani, ambacho kiliondolewa kabla vita haijaisha. Vita ilipokwisha, selulosi ya kijeshi ikatafutiwa soko jipya. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa rangi ya magari iitwayo Duco, inayokauka haraka. Kutoka kwenye magari ikaingia kwenye fanicha. Vanishi nyingi za kupuliza za leo ni za ukoo huo huo, na thina yake ni mchanganyiko ambao mara nyingi una asetoni, tolueni, na ethili asetati au butili asetati. Kwa hiyo kilichopaka mabawa ya ndege miaka ile leo kinang'arisha kabati la mjomba.

Sasa turudi kwenye moto. Chukua ethili asetati peke yake. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 4 chini ya sifuri. Rufiji tuna baridi hiyo lini? Mvuke wake ni mzito kama mara tatu kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu. Unashuka sakafuni na kutambaa kama maji yasiyoonekana, unatoka mlangoni, unaenda mpaka kwenye jiko. Ukifika kwenye hewa kiasi cha asilimia 2 tu, unatosha. Moto unawaka kule kwenye jiko, halafu unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye beseni. Bibi wa mihogo hakufanya kitu. Alikuwa akikaanga mihogo yake tu.

Wenzangu wa mjini msicheke. Ni nani kati yetu hana chupa ya kuondolea rangi ya kucha karibu na mshumaa siku umeme umekatika? Ni nani hajaona thina kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, chini ya kiti cha basi? Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, tulipoteza watu zaidi ya 100 kwa mvuke wa petroli. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali anaisimamia. Lakini Mkemia Mkuu hawezi kukaa kwenye kila karakana.

Basi haya ndiyo niliyomwambia mjomba. Pulizia nje au penye upepo, mbali na jiko, sigara na cheche za umeme. Funga kopo kila unapomaliza. Usiweke kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu, toka nje. Weka ndoo ya mchanga karibu. Moto ukikushinda, toka upige 114.

Mjomba alisikiliza, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mjomba, yule bibi tumemwonea?"

Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake asubuhi meza ya kupulizia ilikuwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba. Na mjomba alikuwa mbele, kwenye benchi la bibi, sahani ya mihogo mkononi. Sikusogea kusikiliza walichokuwa wanaongea.