Jasho la Mke na Mali ya Nyumba

Talaka ikishatoka, maneno ya kwanza huwa ni ya eda na watoto. Ya pili ni ya nyumba: nani atoke, na akitoka atoke na nini? Hapo ndipo watu waliolalia mto mmoja miaka ishirini hukaa wakahesabiana sufuria.

Twende kwanza mbali na pwani, mpaka Kimali, katika Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kufanywa Bariadi kuwa makao yake. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Kwa desturi yao ya zamani ndoa hufungwa kwa ng'ombe, na ikivunjika ng'ombe ndio hutazamwa: wangapi warudi kwa mume, na wangapi waachwe kwa kuwa watoto wamezaliwa. Hesabu hiyo ni ya wazee wa pande mbili. Mwanamke aliyepalilia pamba na kuichuma kwa vidole vyake hakutajwa humo kama mwenye fungu.

Nasi watu wa pwani tusifanye haraka kuwacheka. Sharia yetu, kweli, ilimpa mwanamke mali yake zamani sana, kabla ya Ulaya kufikiri jambo hilo. Mahari ni yake, si ya babake. Alichorithi ni chake, na Surat An-Nisaa imetaja wazi kwamba alichochuma ni fungu lake. Mume haruhusiwi kumpokonya alichompa, hata kingekuwa rundo la dhahabu. Akiachwa, ana mut'a ya kumliwaza. Na katika miji kama Lamu ilikuwa ada baba kumpa bintiye nyumba anapoolewa, hata mume ndiye akawa mgeni pale. Kila mtu na chake: kanuni nzuri, iliyonyooka.

Lakini mtazame yule asiyepewa nyumba na baba. Amepika, amefua, amenyonyesha, ameuza maandazi asubuhi ili mume asiguse mshahara wake. Mshahara ukanunua matofali, na hati ikaandikwa jina moja. Siku ya talaka aambiwe kila mtu na chake? Chake ni kipi?

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka huo, baada ya Serikali kutoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969. Ilikusanya ndoa za Waislamu, Wakristo, Wahindu na za kimila chini ya paa moja, Bara peke yake, Zanzibar haikuingia. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikitazama mila ya wenye shauri, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Neno "kazi" likazua ubishi. Wako majaji waliosema kupika na kulea ni wajibu wa mke, wala si mchango. Wengine wakasema ni mchango.

Ubishi ulikatwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, waliooana Kiislamu. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni juhudi ndani ya maana ya kifungu kile. Wengi husimulia mpaka hapo na kunyamaza. Kwa hakika Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba, kwani ilionekana mume alikwisha mpa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya. Zikahesabiwa kuwa ndizo fungu lake. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikuwa na uadilifu wa pande zote mbili.

Je, hili ni jambo la kizungu tu? La. Nchi za Malaya, wenye madhehebu ya Shafi kama sisi, wana mali ya mchumo wa pamoja, na kanuni za Kiislamu za Indonesia za mwaka 1991 humpa kila mmoja nusu pasipo mapatano mengine. Huko Morocco, Ibn Ardun, kadhi wa karne ya 16, alijulikana kwa fatwa ya kumpa mke wa milimani haki ya jasho lake la shambani.

Zanzibar nayo, kwa Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mali ya wanandoa pale penye mchango. Huku Bara, katika rufaa ya 2018 iliyosikilizwa Tanga, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba kiasi cha mchango huthibitishwa kwa ushahidi, si kwa madai matupu.

Basi mwanamke wa Kimali aweza leo, akiwa na hati ya baraza la usuluhishi, kufika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu atasikia habari za ng'ombe, maana mila imetajwa katika sheria. Kisha atauliza lile ambalo wazee hawakuwa wakiuliza: pamba hiyo iliyonunua bati, ni nani aliyeipalilia?