Ufagio wa Umeme na Uzito Wake

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni mwepesi, na mtu autazamaye mzigo uliomo kichwani mwa mwingine huuona mwepesi vivyo hivyo. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila atakaye kueleza habari za kazi za nyumbani. Katika vitabu vya historia twasoma sana habari za wafalme, vita na mapatano, lakini ni nadra kusoma habari za ufagio. Na hali watu waliouinamia ufagio ni wengi kuliko waliopata kushika upanga.

Siku hizi, katika miji ya Kenya, mtu aingiapo katika duka la vyombo vya umeme hukuta mashine za kufyonza vumbi za namna nyingi: kubwa na ndogo, za waya na za betri. Muuzaji huzisifu zote. Mnunuzi naye huuliza: Ni ipi iliyo nyepesi, iwezayo kusafisha sakafu na kuokota nywele? Swali hili laonekana kuwa la dukani tu, wala si la darasa la historia. Lakini kila sehemu ya mashine ile ina asili yake, na ajuaye asili ya chombo hadanganyiki upesi na maneno ya muuzaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame vilivyoundwa, na waliounda, na sababu zao.

Tuanze na hewa. Hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi. Katika karne ya 17 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza ya kwamba hewa ya dunia ina uwezo wa kuisimamisha zebaki katika bomba la kioo hata kimo cha sentimita 76 hivi. Baada yake, katika miaka ya 1650, Otto von Guericke, meya wa Magdeburg katika Ujerumani, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba na kuitoa hewa iliyokuwamo. Farasi walifungwa upande huu na upande huu, wakavuta kwa nguvu zao zote, na zile nusu hazikuachana, kwa sababu hewa ya nje ilikuwa ikizibana. Mashine ya kufyonza vumbi hufuata kanuni iyo hiyo. Pangaboi lake huisukuma hewa itoke. Ndani hubaki hewa haba. Na hewa ya chumbani, iliyo na kani kubwa zaidi, hukimbilia kuingia huku imebeba vumbi na nywele. Kwa hiyo twasema mashine yavuta, lakini kwa kweli ni hewa inayosukuma.

Kanuni hiyo ilijulikana kwa zaidi ya miaka 200 kabla mtu hajaitumia kwa kusafishia nyumba. Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani watu walitandika mazulia mazito ya sufu. Zulia hupendeza miguu, bali huficha vumbi kati ya nyuzi zake. Ufagio wa chelewa, ufaao sana katika ua wa mchanga, hauwezi kulitoa vumbi la namna hiyo. Huliparua juu tu na kulirusha hewani. Ndiyo sababu mara moja au mbili kwa mwaka mazulia yalitolewa nje, yakatundikwa kambani, yakapigwa kwa fimbo. Kazi hiyo ilitaka nguvu, na kwa hiyo mara nyingi wanaume na wavulana wa nyumba waliitwa waifanye, au vibarua wakaajiriwa. Msomaji na alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Wavumbuzi walijaribu njia mbalimbali. Mnamo 1869 Ives McGaffey wa Chicago alipata hataza, yaani hati ya serikali imlindayo mvumbuzi, kwa mashine yenye pangaboi la kuzungushwa kwa mkono. Haikuwa nzito, lakini aliyeitumia ilimbidi aizungushe na kuisukuma kwa wakati mmoja. Mnamo 1876 Melville Bissell wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, alipata hataza ya ufagio wa magurudumu. Ndani yake mlikuwa na burashi iliyozunguka kila ufagio uliposukumwa. Haukufyonza kitu, lakini burashi yake ni jamaa ya burashi zizungukazo ambazo twaziona katika mashine za leo. Bissell alipofariki mwaka 1889, mkewe, Anna, alishika uongozi wa kampuni akaiendesha kwa ustadi.

Mnamo 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda London kutazama mashine iliyopuliza vumbi kwa nguvu ya hewa. Vumbi lilitimka, na sehemu kubwa yake ikarudi pale pale lilipotoka. Booth alimwuliza mwenye mashine kwa nini asifyonze badala ya kupuliza, akajibiwa ya kwamba haiwezekani. Hakukata tamaa. Alikwenda katika mkahawa mmoja, akaweka kitambaa juu ya kiti, akafyonza kwa kinywa chake mwenyewe. Alikohoa sana, lakini alipokigeuza kitambaa aliona vumbi limeshika upande wa chini. Hapo alijua mambo mawili: kufyonza kwawezekana, na lazima pawe na kitambaa cha kuichuja hewa.

Lakini mashine aliyoiunda! Ilikuwa kubwa hata haikuweza kuingia nyumbani. Ilipakiwa juu ya gari la kukokotwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Watumishi wa Booth waliingia ndani na kusafisha, huku mtambo ukinguruma nje na kuwashtua farasi wapitao. Mnamo 1902 mashine hiyo ilisafisha zulia la kanisa la Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward wa Saba kutawazwa. Tangu hapo matajiri waliitaka sana. Maskini, wala hata mtu wa hali ya katikati, hakuwa na nafasi kwayo. Basi katika mwanzo wake ufagio huu ulikuwa mzigo wa farasi, tena anasa ya wachache.

Aliyeuleta mkononi mwa mtu hakuwa mhandisi wala tajiri. Alikuwa James Murray Spangler, mfagiaji wa duka kubwa katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60, naye aliugua pumu. Kila alipofagia mazulia ya duka, vumbi lilimzuia pumzi. Mtu mwenye maradhi hayo angeweza kuiacha kazi, ila asiye na mali haachi kazi kwa wepesi. Basi mwaka 1907 alichukua mota ndogo ya umeme, akaiunganisha na pangaboi na burashi, akatia mpini wa ufagio, akafunga foronya nyuma iwe mfuko wa vumbi. Mnamo 1908 alipata hataza yake. Hivyo mgonjwa wa vumbi ndiye aliyelifunga vumbi mfukoni.

Spangler hakuwa na fedha za kujenga kiwanda. Mashine yake moja ilitumiwa na Susan Hoover, ambaye mumewe, William Henry Hoover, alitengeneza matandiko na lijamu za farasi. Hoover aliona motokaa zikianza kuenea, akafahamu kwamba biashara ya farasi haitadumu. Alinunua haki za uvumbuzi ule, na mwaka huo huo wa 1908 akatangaza gazetini kwamba mtu aweza kuitumia mashine bure kwa siku 10 kabla ya kuamua kuinunua. Mashine zile za kwanza zilikuwa na uzito wa karibu ratli 40, yaani kilo 18 hivi. Kwetu huo ni uzito wa ndoo ya maji iliyojaa. Lakini kwa waliozoea gari la Booth ulikuwa wepesi wa ajabu. Jina la Hoover lilienea hata katika Uingereza likawa ndilo jina la kila mashine ya namna hiyo.

Kuanzia hapo, historia ya chombo hiki ni historia ya kupunguza uzito. Mwaka 1921 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilitoa mashine iliyolala chini juu ya vyuma vya kuteleza, ikafuata nyuma ya mtu kwa mpira wake, hata mkono ukabeba bomba tu. Baadaye plastiki ilichukua nafasi ya chuma. Mnamo 1979 kampuni ya Black & Decker ilitoa kifyonzaji kidogo cha kushikwa mkononi kisicho na waya. Mwaka 1991 betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa. Betri hizo huweka nguvu nyingi katika uzito mdogo, na waliozivumbua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Naye Mwingereza James Dyson, baada ya kuunda vielelezo 5,127, alifaulu kuitenga hewa na vumbi kwa kuizungusha hewa mfano wa kimbunga pasipo mfuko. Mashine yake iitwayo DC01 ilianza kuuzwa mwaka 1993. Leo mashine nyingi za betri zina uzito wa kilo 2 au 3.

Basi je, kazi imepungua? Hapa ndipo historia inapotushangaza. Mnamo 1974 mtaalamu Joann Vanek alichapisha hesabu za saa ambazo wake wa nyumbani wa Marekani walizitumia kwa kazi za nyumba. Katika miaka ya 1920 zilikuwa kama saa 52 kwa juma. Katika miaka ya 1960, baada ya mashine kuenea, zilikuwa kama saa 55. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alieleza sababu. Zulia lililokuwa likipigwa mara chache kwa mwaka sasa lilitakiwa kufyonzwa kila juma. Na wale wanaume, wavulana na vibarua waliokuwa wakiitwa kulipiga hawakuitwa tena, kwa kuwa sasa kulikuwa na mashine, na mashine "ni rahisi." Mzigo ulipungua uzito, lakini wachukuzi nao walipungua, akabaki mmoja. Waliouona mwepesi ni wale waliouweka chini.

Tukilijua hilo, twaweza kulirudia swali la mnunuzi kwa akili zaidi. Kwanza atazame sakafu yake. Nyumba yenye saruji au vigae vitupu haihitaji burashi ngumu. Ufagio na kitambaa chenye maji hutosha mara nyingi, na akinunua mashine, achague yenye burashi laini. Penye zulia, burashi izungukayo yafaa, kwani nywele hujisokota katika nyuzi, na hewa peke yake haizing'oi. Lakini burashi hiyo hiyo huvikwa nywele mpaka ikakwama, hasa nywele ndefu za kusukia na manyoya ya paka. Kwa hiyo auombe muuzaji aitoe burashi mbele yake, aone kama yatoka upesi na kusafishwa bila taabu.

Pili, aishike mashine mwenyewe. Uzito ulioandikwa katika sanduku ni jambo moja, na mahali uzito ulipo ni jingine. Mota ikiwa karibu na kiganja, mkono huchoka upesi kuliko ikiwa chini karibu na sakafu. Tatu, asivutwe na wingi wa wati. Wati hupima umeme uliwao, si vumbi litolewalo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, kisha wati 900 mwaka 2017, ili waundaji washindane kwa ustadi badala ya kushindana kwa kula umeme. Nne, akumbuke kitambaa cha Booth na pumu ya Spangler: kichujio kibaya huliokota vumbi chini na kulipuliza usoni. Penye mgonjwa wa kifua, kichujio chema ni bora kuliko wepesi. Tena mashine iliyoletwa kutoka Marekani huenda imeundwa kwa volti 120, na umeme wa nyumba za Kenya ni volti 240. Ikichomekwa hivi hivi itaungua.

Yaliyo muhimu kuliko hayo yote hayapatikani dukani. Ni nani atakayeishika mashine hiyo siku ya Jumamosi? Ikiwa jibu ni mama peke yake, au dada peke yake, au mtumishi peke yake, hata mashine ya kilo 2 itakuwa nzito baada ya miaka. Ikiwa kila mtu wa nyumba ana zamu yake, hata ufagio wa chelewa utakuwa mwepesi. Wahandisi wameuondoa mzigo juu ya gari la farasi na kuuleta hata mkono wa mtoto waweza kuuinua, na kwa hilo twawashukuru. Kugawa zamu hakuhitaji mhandisi, wala hataza. Kila nyumba yaweza kuanza Jumamosi ijayo, na avulana na wasichana wasomao insha hii wakawa wa kwanza kuinuka.