Nyumba ya Mgeni katika Likasi

Vijana wapendwa, tunapomwona leo mgeni akizunguka Kikula kutafuta chumba cha kupanga, akidaiwa garanti ya miezi kadhaa kabla hajafungua mzigo wake, tukumbuke kwamba mji wetu ulijengwa na wageni. Katika miaka ya 1920 Union Minière iliwaleta wafanyakazi kutoka Ruanda-Urundi, na wengine wengi kutoka Kasai. Hao hawakutafuta nyumba: nyumba ilikuja pamoja na kazi, kama posho. Baadaye kampuni ikapenda mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, ili asirudi kwao upesi. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Aliyepoteza kazi alipoteza na paa.

Mwaka 1992 watu wa Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapa hapa, walifukuzwa majumbani mwao, na nyumba zikaingiwa na wengine. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi, majuma na miezi, wakingojea treni. Wako waliofia pale. Sisi, tuliokuwa vijana kama ninyi, tulipita mbele ya gare hiyo tukienda Misa, nasi tulikuwa na vyumba.