Mbwa aliyenyang'anywa kazi na pikipiki ya theluji

Wenzangu, kabla ya kumpenda mbwa kwa sababu ya manyoya, mujiulize kwanza: babu zake walifanya kazi gani? Lapphund wa Ufini alichunga reni, wale kulungu wa nchi za baridi, pamoja na Wasami. Aliwasukuma kwa kubweka. Miaka ya 1960 pikipiki za theluji zikaingia, kazi ikapungua. Wafini wakamukaribisha nyumbani: ni mpole kwa watoto, anafundishika upesi. Lakini mdomo wake haukustaafu! Kitu kikipita tu, anabweka, majirani hawalali. Mimi niliyesoma kilimo naona hivi: damu ya mnyama inabeba kazi ya wazazi wake. Njo maana, ukimutaka awe rafiki, umutafutie na kazi.