Sauti Ndani ya Damu

Mto Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na ya Mlima Elgon karibu na Kitale, kisha hupita Webuye katika nchi ya Bungoma ukielekea ziwani. Atazamaye kingo zake huona kwamba kiwimbi kikikuta tete moja hupita, bali kikikuta kichaka cha matete hurudishwa nyuma. Jambo lifananalo na hilo hutokea katika mishipa yetu.

Tangu kale waganga walitazama damu iliyokingwa bakulini, nao waliona kwamba ya mgonjwa hutengana kwa namna yake. Mwaka 1921 Robert Fåhraeus, tabibu wa Uswidi, alieleza sababu: mara nyingi mtu augupo, chembe zake nyekundu hushikamana kama sarafu zilizopangwa, na mafungu hayo huzama upesi. Lakini kipimo hicho chataka sindano, na damu iliyotolewa haitembei tena.

Je, damu yaweza kuulizwa ingali mwilini? Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake huko Glasgow walitangaza picha za tumboni zilizopatikana kwa sauti isiyosikika. Sauti hiyo ikipiga mara 5,000,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi lake katika damu ni kama milimita 0.3, yaani mara 40 hivi ya upana wa chembe nyekundu. Kwa hiyo chembe moja hurudisha sauti kidogo mno.

Hapo hesabu ilihitajiwa. Lord Rayleigh, Mwingereza wa karne ya 19, alionyesha jinsi vitu vidogo vitawanyavyo mawimbi. Kwa kanuni yake, chembe 10 zilizotengana hurudisha nguvu mara 10 ya chembe moja. Zikishikamana, mara 100. Lakini chembe ni sehemu 40 hivi katika 100 za damu, na katika msongamano huo mawimbi yarudiyo hufutana kwa sehemu kubwa. Mwaka 1976 Kirk Shung na wenzake huko Marekani walilipima jambo hilo. Baadaye wataalamu walitunga vielelezo vya hesabu vyenye msongamano na mafungu pamoja, maana asahauye moja aweza kumwita mzima mgonjwa.

Mtoto wa Bungoma mwenye homa angali hupimwa malaria kwa tone la damu. Vijana wapendao hesabu, kazi hii haijamalizika, nayo yawangoja.